Nyasi Chini ya Mbao

Januari 6

Mimi ni Dominika, mke wa Adolfu, nyumbani Mpui. Kusoma nilifundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu alisema nakandamiza kalamu mno. Basi nakandamiza. Humu ndani hakuna wa kuongea naye. Mgonjwa amelala. Hellena, mke wa mwanangu, yuko na simu yake. Mwanangu Benjamini yuko njiani na fuso la mahindi, sijui Tunduma, sijui wapi. Daftari hili kaliacha mjukuu aliyerudi shule ya bweni. Nitalifokea hili.

Adolfu alipigwa na kiharusi mwezi wa kumi na moja. Hospitali wamemruhusu, lakini kijijini haruhusiwi, kwa sababu dada wa mazoezi anamtaka kila wiki. Upande wa kushoto ulilala wote. Mkono umeanza kuamka. Mguu bado.

Nyumba ya Benjamini iko hapa Sumbawanga, kwenye mteremko, mlima uko mgongoni. Wao wanakaa juu, na kufika juu ni ngazi za mawe. Sisi tumewekwa chumba cha chini, nusu yake imechimbiwa udongoni kama shimo la viazi. Mlango unatoka uani moja kwa moja bila ngazi, kwa mgonjwa ni vizuri, hilo sikatai. Lakini sakafu ni saruji tupu, na mvua ikinyesha inatoka jasho.

Ulezi wetu tumeuacha umeota. Naandika hili ili nisije nikajitia kusahau: Adolfu atarudi Mpui kabla ulezi haujakatwa, na atashuka kwenye gari kwa miguu yake. Sitamshusha kama gunia watu wakitazama.

Januari 7

Mvua tangu alfajiri. Hellena kaamka jua limetoka, kama kuna jua.

Januari 9

Dada wa mazoezi kasema, "Bibi, babu asimame kando ya kitanda asubuhi na jioni, peku. Mguu usipokanyaga unasahau."

Nikamwambia mguu wa mume wangu umekanyaga Ufipa yote, hausahau upesi hivyo. Akacheka. Mimi sikuwa nachekesha.

Nyumbani tukamsimamisha, mimi kulia, Hellena kushoto. Unyayo ulipogusa saruji alipiga kelele kama aliyeungua.

"Maji! Mnanitia mtoni!"

Hakuna maji. Ni baridi. Tangu augue, baridi ikigusa mguu ule inamuuma. Akaukunja juu kama kuku kwenye mvua, tukamrudisha kitandani. Hellena alikuwa analia. Nikamuuliza anayeumwa ni nani humu ndani.

Januari 14

Nilimtandikia mkeka. Leo nimeuinua, chini umeota ukungu wa kijani. Na asubuhi uliteleza naye, tukamdaka. Nimeuchoma.

Januari 16

Wamama wa jumuiya wamekuja kumwombea. Walikaa wamekunja miguu juu ya viti kwa baridi, rozari ikaenda mbio kuliko nilivyowahi kusikia. Baadaye Mama Adela akamnong'oneza mwenzake, "Si wamrudishe tu mzee wa watu akafie kwake."

Masikio yangu hayajapata kiharusi. Nikamwambia, "Mama Adela, hapa nina mgonjwa, sina maiti. Chai yako inapoa, inywe uende."

Akanywa, akaenda. Hellena akasema mama, hao ni majirani zangu. Nikasema basi waende kwako juu, huko kuna zulia.

Jioni Benjamini kapiga simu. Anasema atatuma fundi aweke mbao juu ya saruji, aliona nyumba ya wageni moja Mbeya wamefanya hivyo, ukitembea unasikia vuguvugu. Nikasema alete leo.

Januari 20

Fundi kaja. Anaitwa Bundala, Msukuma, wazazi wake waliteremka na ng'ombe bondeni kule Rukwa. Mrefu, anainama mlangoni, na hana haraka kabisa. Nilidhani ataanza kugonga misumari. Akachukua kipande cha nailoni, akakibandika sakafuni kwa gundi ya karatasi pande zote, akafunga begi lake.

"Shikamoo mama, nitarudi kesho."

"Umefanya nini sasa?"

"Naangalia kama sakafu inahema."

"Sakafu inahema? Wewe umeona ng'ombe tu maisha yako yote."

"Mama, ukinikasirikia nifokee tu, usiniroge kwa radi. Najua niko Sumbawanga."

Adolfu akacheka kitandani. Mdomo bado umepinda lakini kicheko kilikuwa kile kile. Ilibidi nitoke nje kidogo.

Januari 21

Alipobandua nailoni, chini yake kulikuwa na matone kama kwenye kifuniko cha sufuria. Bundala anasema maji yanapanda kutoka udongoni, yanapita kwenye saruji, na mbao ukizilaza juu yake bila kinga zitaoza mwaka huu huu. Kwa hiyo kwanza nailoni nzito, chumba kizima, ipande ukutani kidogo. Kisha mbao nene zilizotiwa dawa, zipangwe kama reli. Kisha mbao za kukanyagia zipigwe juu ya hizo. Katikati ya reli pabaki wazi.

"Wazi kwa ajili ya nini?"

"Hewa, mama."

"Hewa ya Sumbawanga ni baridi. Unamwekea mgonjwa baridi chini ya kitanda."

"Hewa iliyofungiwa haina baridi."

Nimemwacha. Atakuja kuona.

Januari 25

Kelele. Wanatoboa saruji wapigilie misumari ya reli. Adolfu kapelekwa juu, kabebwa na Bundala na kijana wa jirani. Alifumba macho ngazi zote. Hataki nimwone akibebwa, na mimi sikutazama.

Januari 28

Mvua. Reli zimekwisha. Zinalala sawa, Bundala kazipima kwa kile kichupa chenye tone la hewa, akachomeka vibao vyembamba pale palipobonyea. Kazi si mbaya.

Januari 31

Mbao za kukanyagia zimeletwa, za paini, bado zinanukia mlima. Nikasema sasa piga. Hapigi! Kaziegemeza ukutani, kaziachia nafasi nafasi.

"Zikae humu wiki hivi, zizoee chumba."

"Mbao zizoee chumba? Ni bibi harusi?"

"Zikipigwa kabla ya kuzoea, zitavimba zikiwa zimeshapigwa. Na nikizipiga nitaacha nafasi ya kidole ukutani, zipate pa kupumulia."

Sakafu inahema, mbao zinapumua. Anayelala hana pumzi ni mume wangu tu.

Februari 3

Bundala kaondoka. Mkewe Kabula alikwenda kujifungulia bondeni kwa wazazi wake, na habari imekuja kwamba mambo si mazuri. Kasema siku chache. "Mama, usiguse kitu." Nikamwambia nenda kwa mke wako, mimi si mtoto.

Februari 5

Mvua.

Februari 6

Mvua. Wanasema mto umekata barabara ya kushuka bondeni. Simu yake haipatikani.

Februari 9

Jumapili. Nilipotoka misa ya kwanza nilimkuta Hellena amekaa huko juu, ameuweka mguu wa Adolfu mapajani, anausugua mafuta ya nazi na kumsimulia habari za kwao Kirando, boti fulani iliyorudi na mbuzi badala ya samaki. Adolfu anacheka. Waliponiona wakanyamaza.

Nikauliza uji uko wapi. Ulikuwa tayari, kwenye chupa ya chai.

Februari 11

Mguu unakonda. Nimeupima kwa mkono wangu, vidole vinakutana pale ambapo havikuwa vinakutana. Kule juu zulia limejaa viti, hapana pa kusimama watu watatu. Chini reli zimelala na mbao zimeegemea ukuta kama wanaume wavivu sokoni. Ulezi Mpui unapaliwa na mtu ambaye si mimi. Nimezunguka nyumba hii mpaka kuku wamechoka kuniona.

Februari 12

Leo nimefanya.

Nimefikiria hivi. Sisi Wafipa wakati wa mvua tunakata nyasi mbichi, tunazipanga, tunazifunika kwa udongo kuwa tuta la mviringo, ntumba. Ukitia mkono ndani ya ntumba baada ya siku chache unakuta joto kama kwapa la mtu. Kila mtoto wa kwetu anajua, tulikuwa tunatia miguu mle tukitoka kuchunga. Sasa kama kuna mahali wazi kati ya reli, na juu kuna mbao za kufunika, hiyo si ntumba ni nini? Hewa ya Bundala ikae huko huko na Bundala.

Nikachukua mundu, nikamwita Hellena, tukaenda kwenye kiwanja kisichojengwa hapo nyuma. Nyasi ziko kiunoni. Nikakata, yeye akabeba. Hajui kubeba, nusu inabaki njiani.

"Mama, hizi zina maji."

"Za ntumba huwa mbichi. Kavu hazitoi joto."

"Kwetu dagaa wakifunikwa kabla hawajakauka wanaoza wote."

"Hizi si dagaa, Hellena."

Nikazipanga mwenyewe, shina huku, kichwa kule, nikazishindilia kwa kisigino mpaka zikalingana na reli. Kisha tukalaza mbao na nikapiga misumari. Sijasahau kushika nyundo, nani alipiga zizi la Mpui Adolfu alipokwenda mashamba ya mkonge? Nafasi ya kidole sikuiacha. Nimezibana hadi ukutani, panya asipite.

Mgongo unauma. Sakafu ni nzuri. Nimeifuta mara mbili.

Februari 13

Adolfu karudishwa chini. Hajakanyaga. Anaitazama.

Februari 15

Leo. Nimemwambia weka unyayo tu, usisimame. Akaweka kidole gumba. Akangoja. Akaweka unyayo wote. Akaniangalia.

"Mama Beni, kuna moto humu chini?"

"Ni mbao."

"Mbao zina joto hivi?"

"Za kwako zina joto. Simama."

Akasimama! Hellena akapiga kigelegele, nikamkataza, wasije wale wa jumuiya. Alikaa amesimama kwa muda wa Baba Yetu moja, kisha akakaa mwenyewe, sikumkalisha.

Februari 18

Kasimama asubuhi na jioni.

Februari 21

Hatua. Mbili, au tuseme moja na nusu. Kashika kitanda.

Februari 26

Kafika dirishani. Kasimama anatazama ukungu ukishuka mlimani, akasema hali hii ni ya kunyunyiza mbolea. Dada wa mazoezi hakuamini. Kauliza tumefanya nini, nikamwambia tumefanya kazi. Benjamini kapiga simu, nikamwambia fundi wako asirudi, kazi imekwisha.

Nimetuma salamu Mpui kwamba tunakuja.

Machi 2

Kuna harufu. Hellena kaniuliza kama nimesahau kiazi mahali. Nikamwambia ni viatu vyake.

Machi 5

Jumatano ya Majivu. Katekista kaleta majivu nyumbani. Adolfu kayapokea amesimama. Katekista alipoinama akakunja pua, akafikiri sikumwona.

Machi 8

Vidudu vidogo vyeusi vinaruka kwenye kona. Nimepiga deki na dawa ya kunukia. Vimerudi.

Machi 10

Uyoga. Mweupe, mdogo, kichwa chake kimetoka kati ya ubao na ukuta. Niliung'oa kabla Adolfu hajaamka, nikautupa chooni.

Machi 11

Umerudi na ndugu zake.

Machi 12

Kaanguka.

Nilikuwa uani naanua nguo. Tangu juzi mbao za katikati zimeanza kupanda mgongo, niliona, nikasema nitazipiga msumari mwingine. Leo zimepanda kama mgongo wa ng'ombe. Adolfu alikuwa anatoka dirishani, mguu wa kushoto haunyanyuki sana bado, anauburuta. Ukagonga pale. Nilisikia kishindo. Nikaingia nikamkuta amelala ubavu, shavu limegusa ubao, macho wazi, hasemi.

Sikupiga kelele. Nilimwita jina lake la ujana ambalo siliandiki hapa. Hellena alishuka ngazi za mawe peku, alizirukaje sijui. Tukamgeuza. Hajavunjika. Lakini alipokaa kitandani akauchukua mguu wa kushoto kwa mikono miwili, akaupandisha kitandani, akauficha chini ya blanketi kama mtu anayeficha kitu asiibiwe.

Nikamwambia hujaumia, kesho tutajaribu tena.

Akasema, "Kesho hapana, Mama Beni."

Machi 13

Hakukanyaga.

Machi 14

Hakukanyaga. Kageukia ukutani. Mama Adela kapita barabarani, hakuingia, lakini kapita polepole.

Machi 15

Bundala karudi. Kabula kajifungua mtoto wa kike, wote wazima, ila wamekaa bondeni wakingoja maji yapungue. Kaja na maziwa ya mgando kwenye kibuyu, zawadi ya mgonjwa. Alipoingia mlangoni alisimama. Kwanza pua, kisha macho.

"Nani kapiga hizi?"

Adolfu kapelekwa juu tena, kabebwa tena. Bundala akachukua mtaimbo, akaingiza kwenye ule mgongo, akang'oa ubao wa kwanza. Mvuke ukatoka. Kweli kabisa, mvuke, kama kwenye sufuria ya makande. Chini nyasi zangu zimekuwa nyeusi, zinateleza, zina nyuzi nyeupe, na reli zake nzuri zimegeuka rangi. Nailoni yake imezuia maji ya udongoni vizuri sana, na maji ya nyasi nayo imeyazuia yasitoke.

"Nani kaweka majani humu?"

Nikafungua mdomo. Naandika ukweli, nilifungua, lakini sijui kingetoka nini. Hellena akawahi.

"Mimi, fundi. Niliona kwenye simu, huko nje wanajaza kitu chini ya mbao kuzuia baridi."

"Wanajaza kitu kikavu, shemeji! Sio malisho ya ng'ombe!"

Akamsema vizuri. Akamwambia mgonjwa angevunjika nyonga. Hellena kainamisha kichwa, mikono nyuma, kama mtoto wa shule. Mimi nikachukua ndoo nikaanza kutoa nyasi nje.

Machi 16

Jumapili. Sikupokea komunyo.

Benjamini kapiga simu, kamfokea mkewe mpaka nikasikia nikiwa uani. Hellena kajibu, "Sawa, nimekosa." Kisha kaja kumsugua baba mkwe wake mguu. Mvua.

Machi 17

Bundala anafanya kazi. Anatoa nyasi zilizobaki, na leo hasira imemwisha, karudia utani wake.

"Lakini shemeji, una mkono," anamwambia Hellena. "Ona hizi za pembeni bado zina mpangilio. Shina huku, kichwa huku, zimeshindiliwa sawasawa. Wangapi wanaweza? Nakwambia wewe ni Mfipa kuliko Wafipa."

Hellena akatabasamu kidogo, akasema asante.

Hapo nikashindwa.

"Huyu?" nikasema. "Huyu! Huyu hajui hata kubeba majani, nusu yalibaki njiani! Mtu wa Kirando anajua nini habari ya ntumba? Zizi langu mimi lilikuwa linatazamwa na watu wakitoka kanisani, na matuta yangu vilevile. Niliyezipanga ni mimi, niliyepiga misumari ni mimi, niliyebana ukutani ni mimi. Ukitaka kusifu sifu mimi, na ukitaka kufoka nifokee mimi, mdomo ninao."

Bundala akaweka mtaimbo chini taratibu.

"Basi mama," akasema, "shikamoo."

"Marahaba. Endelea na kazi."

Hellena akanifuata uani. "Mama, mimi nilikuwa nakuficha."

"Nani kakwambia mimi nina haja ya kufichwa?"

"Hakuna. Ila baba angesikia, angeumia zaidi."

Nimempigia simu Benjamini nikamwambia amwombe mkewe msamaha, na asinipigie mpaka awe amemwomba.

Machi 18

Nimemchemshia Hellena chai mimi. Nimetia sukari nyingi mno. Kainywa yote.

Machi 24

Reli mpya pale zilipooza, nyingine zimepakwa dawa. Nailoni mpya. Saruji imefutwa, imekaa na jiko la mkaa siku nzima mlango wazi. Mbao zimeegemezwa ukutani, zizoee chumba. Nimezipita bila kusema neno. Bundala alikuwa ananitazama, ananitega.

Machi 31

Zimepigwa. Nafasi ya kidole ipo pande zote, nimeingiza changu mwenyewe nikazunguka chumba kizima. Sehemu moja kilibana, nikamwita akarekebisha.

Aprili 2

Adolfu yuko chini. Hakanyagi.

Aprili 3

Dada wa mazoezi kamwuliza kwa nini. Kasema kachoka. Yule dada akanichukua pembeni, akasema bibi, ikipita Pasaka hajasimama, mguu ule hautarudi. Kwa upole alisema, na upole ndio ulinitisha.

Aprili 5

Nimekwenda kununua dawa, nikajikuta stendi, natazama magari ya Mpui. Kondakta kaniuliza bibi unapanda? Nikamwambia siwezi. Akauliza nangoja nini. Nikarudi kwa miguu, matope hadi magotini.

Aprili 6

Leo nimemwambia.

Hellena alikuwa kanisani. Nilikaa kwenye stuli mbele yake nikasema, "Baba Beni, lile joto la kwanza lilikuwa nyasi. Nilikudanganya nikasema ni mbao. Nilikujengea ntumba chini ya miguu, ikaoza, ikakuangusha. Sakafu hii ni mbao peke yake, haina joto lile. Sasa unajua."

Alinitazama. Jicho la kushoto linachelewa kufumba, mtu asiyemjua angesema anakonyeza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Siku ya pili nilisikia harufu ya shamba. Nimelima ntumba tangu kabla sijakuoa, nisijue harufu yake? Nikasema huyu mwanamke kaniletea Mpui hadi kitandani."

"Na hukusema!"

"Ningesema ungezitoa. Na mimi miguu ilikuwa imefika nyumbani."

Nikamwambia ni mpumbavu, alijua zinaoza akanyamaza, angevunja shingo. Akasema ndiyo. Nikamwambia basi weka mguu chini. Akasema hapana, kuna baridi.

"Hakuna baridi! Imetengenezwa vizuri, Bundala kaitengeneza mara mbili!"

"Wewe umejuaje? Tangu tufike mjini umevaa soksi na raba."

Hilo ni kweli. Tangu Januari nimesimama juu ya saruji ile na viatu, namfokea mtu akanyage peku. Nikainama nikavua raba. Nikavua soksi, zile nene za Benjamini. Nikakanyaga.

Si joto. Naandika ilivyo. Lakini si saruji pia. Haikuumi, haikuvuti joto. Ni kama meza iliyofutwa.

"Je?" akauliza.

"Inavumilika."

"Kama nini?"

"Kama mbao, Adolfu, unataka iwe kama nini? Shuka."

Akautoa mguu chini ya blanketi kwa mikono yake miwili, akauteremsha. Uso ukakunjamana. Nikangoja zile kelele. Hazikuja. Akashika bega langu akasimama, tukasimama wote wawili peku katikati ya chumba kama watu wanaongoja kupigwa picha, mpaka Hellena akaingia na rozari mkononi akasimama mlangoni.

"Usitazame tu," nikamwambia. "Njoo ushike upande wa pili."

Aprili 7

Asubuhi na jioni.

Aprili 12

Dirishani.

Aprili 20

Pasaka. Katoka nje mpaka kwenye rundo la zile nyasi zilizooza, Hellena kazipandia maboga. Kazipekua kwa fimbo, akasema zimeiva vizuri. Wamama wa jumuiya walikuwa wanapita na nguo zao za sikukuu. Mama Adela kamwamkia. Akaitikia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mei 6

Mvua imekatika kabisa. Upepo. Ulezi utakuwa umegeuka rangi. Sikai chini.

Mei 16

Mpui.

Benjamini kaja na fuso lenyewe, tumekaa mbele. Njia nzima Adolfu alikuwa anahesabu mashamba ya watu, huyu kapanda vizuri, huyu mvivu. Tulipofika, ulezi wetu ulikuwa bado haujakatwa, na nusu ya kijiji ilikuwa barabarani, Zenon mdogo wake Adolfu kawatangazia. Benjamini akataka kumbeba. Nikamwambia toa mikono.

Hellena akashuka kwanza, akasimama chini, akanyoosha mkono. Nami nilikuwa nimenyoosha wangu. Adolfu kaitazama mikono yote miwili, akashika wa Hellena, kwa sababu mimi nilikuwa bado juu nyuma yake na mtu anashuka kwa kumshika aliye chini. Najua sababu. Hata hivyo iliniuma.

Mguu wa kulia, kisha akangoja, kisha wa kushoto. Akasimama kwenye vumbi. Watu wametoa macho, hata mtoto halii.

Nikawauliza wanashangaa nini, hawajawahi kuona mtu akitoka mjini, na nani atashusha mizigo.